Maua Yasiyo na Mtoto

Mama alipoondoka kwenda kijiji cha Ruanda, hukohuko kwetu Mbinga, kumuuguza mdogo wake aliyevunjika nyonga, bustani ya maboga alimkabidhi mke wangu. Hakunikabidhi mimi, ingawa nilikuwa mwanawe wa pekee na ndiye niliyesoma. Alimshika mke wangu mkono, akamzungusha bustani nzima akimweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana mke wangu alikuwa mtu wa Ziwa Nyasa, wa kijiji cha Kihagara, na Kimatengo chetu alikuwa bado hajakijua. Mimi nilikaa kizingitini nimeshavaa viatu, nikisubiri muda wa kwenda shuleni ambako nilikuwa nafundisha.

"Usipite juu ya mche, zunguka," mama alimwambia. "Ukiwa kwenye siku zako usiingie. Boga changa usilinyooshee kidole. Lionyeshe kwa ngumi, hivi. Majani chuma yale ya mbele, laini. Maua nayo chuma, lakini mengine uyaache yaangaliane."

"Yaangaliane, mama?"

"Ndiyo. Yaangaliane."

Nikacheka. Mama alinitupia jicho mara moja, akaendelea kumwonyesha matango yaliyokuwa yametambaa juu ya ua wa matete.

Kwetu, huko juu Mbinga, mwanamke aliyeolewa alikuwa hapewi mteremko wake wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, mpaka apitishe msimu mmoja katika bustani ya mama mkwe. Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, pale linapomwagwa jivu na maganda, na kila kitu kilichomo huota kwa fujo. Ikizaa, yule mwanamke ana mkono. Isipozaa, anaambiwa mkono wake mkavu, na mkono mkavu hauishii kwenye maboga. Watu wanaanza kumtazama tumbo. Nilikuwa mdogo nilipomwona mke wa kwanza wa baba mdogo akirudishwa kwao kwa sababu hiyo. Alivuka kijito na kapu kichwani, na hakuna aliyemsindikiza.

Mke wangu alikuwa ana miezi minne tu nyumbani kwetu. Nilikutana naye nilipokwenda likizo kwa rafiki niliyesoma naye. Kwao walilima muhogo mchangani na kuanika usipa, dagaa wa ziwani, juani. Baridi yetu ilimfanya akohoe, ukungu ulimtisha, na maboga alikuwa ameyala lakini hajawahi kuyapanda. Mtu wa kumshangilia hakuwapo. Baba alikuwa amefariki. Aliyebaki karibu ni shangazi, dada yake baba, aliyekaa ng'ambo ya korongo, naye alikuwa na bustani yake na macho makali.

"Huyu binti wa samaki," alisema siku mama alipoondoka, "tutamwona maboga yakianza."

Nilitaka mke wangu afaulu. Nasema hivyo si kwa kujitetea, ni kweli. Nililitaka jambo hilo kuliko yeye, kwa sababu nilikuwa nimemchagua mwenyewe bila kuuliza mtu, na nilitaka waone kwamba msomi hakukosea.

Miaka hiyo ya Mwingereza, Bwana Shamba alikuwa anapita kwetu kufundisha kukatia kahawa. Nilikuwa nimemfasiria mara mbili mbele ya wazee. Ondoeni machipukizi yasiyozaa, alisema, yanakula nguvu ya mti bure. Nilipenda maneno yale. Nilipenda hata nilivyoyatamka. Basi maua ya kwanza ya maboga yalipofunguka, nilimwita mke wangu bustanini asubuhi mapema, nikainama kama mtu anayefundisha darasa.

"Tazama. Hili limekaa juu ya kitu cha mviringo. Unakiona? Huyo ndiye mtoto wa boga. Na hili?"

"Lina kikonyo tu, kirefu."

"Halina mtoto. Halitazaa hata siku moja. Linakula nguvu bure. Haya yasiyo na mtoto uyachume yote kila asubuhi, tuyale. Yenye mtoto usiyaguse."

"Kumbe maua nayo yana wajawazito!" alisema akicheka. Kisha akasita. "Lakini mama alisema mengine niyaache."

"Mama hakusoma."

"Mwalimu, hata maua unayasahihisha?"

"Hata maua."

Alichuma. Tulikula maua yale kwa karanga zilizotwangwa, asubuhi na jioni, na yalikuwa matamu. Hata maua madogo ya matango, yasiyoliwa, nilimwambia ayakwanyue na kuyatupa. Bustani ilistawi kiasi cha kutisha. Majani yalikuwa mapana kama ungo, mashina yakapanda juu ya ua wa matete na kuanza kushika paa la jiko. Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Nilikuwa nakwenda shuleni nikipiga mluzi.

Kitoto cha kwanza kiligeuka manjano kikiwa sawa na kidole gumba. Mke wangu aliniletea kiganjani.

"Kimoja si kitu," nilimwambia.

Kesho yake vilikuwa vitatu. Baada ya wiki moja hakukuwa na mche usiokuwa na vitoto vilivyosinyaa, laini, vinavyobonyea ukivigusa. Matango yalikuwa vivyo hivyo, yakijikunja kama kucha na kunyauka. Mvua ilikuwa nyingi mwezi ule, baridi hata asubuhi, nikasema ni mvua. Lakini ng'ambo ya korongo, kwenye mvua ileile, maboga ya shangazi yalikuwa yameshafikia ukubwa wa vichwa vya watoto, na alikuwa ameanza kuyawekea nyasi kavu chini yasioze.

Mke wangu alianza kujichunguza. Alikuwa ananiuliza maswali wakati wa kula.

"Jana nilipokuwa napanga kuni, nadhani nilinyoosha mkono kuelekea kule. Mkono huhesabiwa?"

"Hayo ni maneno ya wazee."

"Na siku ile nilipokimbilia nguo kabla mvua haijanyesha? Nilipita juu ya mche?"

"Sikukuona."

"Mimi mwenyewe sikumbuki. Hilo ndilo linaloniua."

Akawa anaokota vitoto vilivyoanguka kabla jua halijatoka, na kuvifukia ndani ya jivu la jikoni. Sikujua, mpaka siku shangazi alipokuja kuomba moto. Alichokoa jivu kwa kijiti kutafuta kaa, akavifukua, rundo zima. Alivitandaza juu ya jani la mgomba, kimoja kimoja, na hakupaza sauti.

"Binti," alisema, "unaficha nini?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Vimeanguka vyenyewe."

"Kwangu havianguki. Kwa jirani havianguki." Alinigeukia. "Na wewe baba, umekaa kimya kama umekunywa wino. Nitampelekea wifi yangu habari. Aje mwenyewe aone mkono uliokuja nyumbani kwake. Mwaka ule wa mke wa baba yako mdogo tulichelewa kusema, tukafa njaa Machi nzima."

Habari zilikwenda Ruanda na mtu aliyekuwa anakwenda kusaga. Jibu lilirudi: mgonjwa ameanza kukanyaga, baada ya majuma mawili mama atarudi, na mambo ya bustani asiyaamue mtu kabla yake. Shangazi alilipokea jibu hilo kama hukumu. Mke wangu naye alilipokea hivyohivyo. Alianza kukunja nguo zake vizuri zaidi ya kawaida.

Siku iliyofuata nilikuwa shuleni natayarisha somo la mimea. Nilivuta daftari langu la shule ya sekondari kutoka ndani ya sanduku, nikafunua, na nikaliona ua. Nililichora mwenyewe, kwa penseli iliyochongwa vizuri: ua la boga, lenye kikonyo kirefu upande wa kushoto, lenye mtoto upande wa kulia. Katikati nilikuwa nimechora nyuki na mshale. Chini, kwa mwandiko wangu, kwa Kiingereza, kulikuwa na maelezo kwamba unga wa ua dume usipofika kwenye ua jike, tunda halikui. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vyema kwa wino mwekundu. Nilipata alama zote.

Nilikaa na daftari lile magotini mpaka kengele ikagongwa. Nilijua nilichofanya. Nililijua lile jambo kwa Kiingereza, kwa mtihani, na haikuwahi kunijia akilini kwamba ua lile la daftarini ndilo lile lile la nyuma ya jiko la mama yangu.

Ningeweza kurudi nyumbani mchana ule na kusema. Nimefikiria mara nyingi kilichonizuia, na kila nikitafuta sababu nzuri siipati. Niliona uso wa shangazi. Niliwaona wazee niliowafasiria maneno ya Bwana Shamba. Nikajiambia kwamba majuma mawili yanatosha, nitarekebisha kimya kimya, mama atakuta maboga, na hakutakuwa na la kusema.

Nilirudi, nikamwambia mke wangu, "Kuanzia leo usichume maua."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Hata yasiyo na mtoto?"

"Usichume kitu. Usiingie kabisa. Bustani niachie mimi."

Alinitazama. Nilidhani anashangaa. Miaka ilipita ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ndipo aliponipoteza. Wengine wote walikuwa wamesema mkono wake mbaya, na sasa mume wake naye, bila hata kueleza, alikuwa ameutoa mkono huo bustanini.

Kila alfajiri nilikuwa nakwenda peke yangu. Maua hufunguka mapema na kufunga kabla ya saa nne, kwa hiyo sikuwa na muda mwingi. Kwa siku tatu za kwanza hapakuwa na ua dume hata moja lililo wazi, tulikuwa tumechuma mpaka machanga. Nilitembea kati ya mashina nikipanua majani kama mtu aliyepoteza pete. Siku ya nne nililipata moja. Nililikwanyua, nikamenya petali zake, nikalipaka kwenye ua lenye mtoto, kisha jingine, nikigeuka kila mara kuona kama kuna anayenitazama. Mvua ikanyesha saa hiyohiyo, nikakaa chini ya upenu nikiona maji yakiingia ndani ya yale maua.

Mke wangu alikuwa jikoni. Alikuwa ananiona kupitia matete.

Katika majuma yale nilipaka maua yasiyopungua ishirini. Mengi yalianguka. Matatu yalishika. Nilijua yameshika kwa sababu kikonyo kilinenepa na ngozi ikaanza kung'aa. Siku mama aliporudi, makubwa yalikuwa kama ngumi mbili, na nilikuwa nimeyafunika kwa majani kama mayai.

Mama alifika Jumapili baada ya misa, shangazi akiwa nyuma yake, ameshamsimulia kila kitu njiani. Mke wangu alipiga goti kumpokea mzigo. Mama alimwamkua vizuri, akaweka fimbo, akaenda moja kwa moja bustanini. Alizunguka. Hakuvuka mche hata mmoja. Aliyaona yale matatu, akayaonyesha kwa ngumi. Kisha akachuchumaa pale mashina yalipokuwa makongwe, akaanza kushika kitu kimoja kimoja kwa vidole. Vilikuwa vikonyo vikavu, virefu, vyembamba, vimekatwa kwa ukucha. Vilikuwa vimejipanga kwenye shina zima.

"Nani alikuwa anachuma maua yote?" aliuliza.

Mke wangu alinigeukia. Alinipa nafasi, na ilikuwa nafasi ndefu. Nilisikia maji ya kijito. Nilitazama migomba.

"Nilichuma mimi, mama," alisema mwishowe.

Hakusema uongo. Mikono ilikuwa yake.

"Na alikatazwa!" shangazi alisema. "Mbele ya huyu mwanao!"

Mama alisimama taratibu, akipangusa magoti. Alikuwa ametulia kidogo, nadhani. Kwake yeye lilikuwa jambo jepesi kuliko lile aliloletewa Ruanda. "Basi si mkono," alisema. "Mkono wako hauna kasoro. Masikio ndiyo hayasikii. Nilikwambia nini siku ile?"

"Uliniambia niyaache yaangaliane."

"Ukaona mimi mjinga."

"Hapana, mama."

"Ukaona mimi mjinga, mwanangu, ndiyo. Sasa Machi tutakula nini?"

Ningesema hata hapo. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Mama, umechoka, ingia ukae."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda shuleni. Niliporudi, mama alikuwa anadhani mkwewe yuko kijitoni. Nguo zake hazikuwapo, wala chungu alichokuja nacho. Alikuwa ameacha jembe alilopewa na mama siku ya kukabidhiwa bustani, limeoshwa, limesimamishwa mlangoni.

Nilimfuata Jumamosi. Kutoka kwetu hadi ziwani ni siku mbili za kuteremka, ukijua njia, na joto linakupokea kabla hujaliona ziwa. Nilimkuta baba mkwe akianika muhogo juu ya mwamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako." Aligeuza kipande cha muhogo. "Basi kaa, uniambie peke yako."

Nilimweleza yote: daftari, maua, jinsi nilivyokaa kimya mbele ya mama. Nilieleza kwa urefu. Ilinisaidia kueleza, na ndiyo maana nilieleza sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi unaniambia kwa nini?" aliuliza. "Mimi nilimwambia binti yangu ana mkono mkavu?"

"Hapana, baba."

"Huku kwetu hana kesi. Kesi iko kwenu, na umeiacha huko, ukaniletea mimi maneno mazuri."

Nyuma ya ukuta wa jiko ilikuja sauti ya mke wangu. Sikujua kwamba alikuwa hapo muda wote.

"Muulize, baba, siku ile mdomo alikuwa nao?"

Hakutoka. Nilingoja mpaka jioni, hakutoka. Nililala kwa rafiki yangu, asubuhi nikaanza kupanda.

Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Nilijaribu kuanza na mvua, nikajaribu kuanza na Bwana Shamba. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anamenya boga moja kati ya yale matatu, shangazi amekaa karibu naye akichambua maharage, na yote niliyoyapanga yakanitoka. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mama, maua nilimwambia mimi ayachume. Alisema wewe umekataza. Nikamwambia wewe hukusoma."

Mama aliendelea kumenya mpaka ganda likakatika. Aliuliza swali moja tu.

"Jumapili ile nilipouliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Majuma mawili kabla hujarudi."

Shangazi aliacha maharage. Nilidhani atanirukia. Badala yake alimtazama mama, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi nimemwita yule mtoto mkono mkavu mbele za watu."

"Umemwita," mama alisema. "Na mimi nimemwambia masikio yake mabaya. Kila mtu amempa kitu cha kubeba." Akaninyooshea kisu, si kwa ukali. "Umenifanya nimdhulumu mtoto wa mtu nikiwa nimetoka kanisani."

Kulipokucha alifunga mzigo wake. Nilimwambia nitamsindikiza, miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari ya Ruanda. Alikataa. "Wewe baki hapa. Wakikuona tena watamtorosha kwa mlango wa nyuma." Shangazi ndiye aliyekwenda naye, wanawake wawili wazee, wakiteremka mteremko ule kwa fimbo, kwenda kumwomba radhi msichana.

Nilikaa siku saba. Shuleni nilifundisha sijui nini. Kila jioni nilisimama penye kona inayoonyesha njia mpaka chini kwenye kijito, nikitazama kila anayepanda, nikihesabu vichwa. Wawili wakitokea, nilikuwa natoka jasho mpaka niwatambue. Siku ya tano mvua ilinyesha kutwa, nikawaza mama amelala njiani na miguu ile, nikawaza amefika wakamfungia mlango. Ndani ya siku zile saba ndipo nilipojua yale majuma mawili yalikuwaje kwa mtu mwingine jikoni.

Siku ya saba walitokea watatu. Mama mbele, shangazi katikati, na nyuma yao mke wangu, kapu la usipa kichwani. Nilikimbia kumpokea mzigo. Hakuutoa. Alipita, akaingia ndani, akaushusha mwenyewe, akatoka akasimama mlangoni akiwa amelishika lile jembe lililobaki pale.

"Sikukufuata wewe," aliniambia. "Mama yako amepanda na kushuka milima kwa miguu ile, akakaa chini mbele ya baba yangu. Nimemfuata yeye. Uelewe hivyo."

Nikamwambia nimeelewa.

"Na ukitaka nikae, siku nyingine nikikugeukia mbele za watu, usitazame migomba."

Nilimwahidi. Katika miaka mingi tuliyoishi pamoja mpaka alipotangulia, alinigeukia hivyo mara kadhaa. Mara nyingi nilisema. Mara moja au mbili sikusema, na hizo nazikumbuka kuliko zile nilizosema.